Nafanya mazoezi kila siku, mbona mizani inapanda?

SWALI: Shikamoo Tabibu. Mimi ni mama wa miaka 34 na nakuandikia nikiwa na hasira na mizani. Siku niliyoanza mazoezi nilipima asubuhi nikakuta kilo 78.4. Nikaingia kwa nguvu zote. Alfajiri nakimbia kilomita 6, jioni niko jimu: kuchuchumaa na vyuma, kupanda na kushuka ngazi mpaka miguu inatetemeka. Siku ya kupumzika sina. Nakula mlo mmoja mkubwa na matunda, na wanga nimeuacha kabisa isipokuwa Jumapili, siku tunayokula pamoja familia nzima. Maji nakunywa lita 5 kwa siku kama alivyoagiza mwalimu wa mazoezi. Jumapili iliyopita, siku ya 12, nikapima jioni pale jimu: kilo 82.1! Nikasema mizani imeharibika. Jumatatu asubuhi nikapima ya nyumbani, 81.3. Pete haitoki kidoleni na soksi zinaniachia alama. Misuli inauma kiasi kwamba nameza diklofenaki asubuhi na jioni ili niweze kuendelea. Mume wangu ananitania kwamba nalipia kunenepa. Niongeze mazoezi, nipunguze chakula zaidi, au ndivyo nilivyoumbwa?
– Mama Hasira

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze mazoezi na usipunguze chakula. Kaa kwanza tuisome barua yako pamoja, maana majibu karibu yote umeyaandika mwenyewe bila kujua.

Hiyo 82.1 naifuta. Umepima jioni, umeshakula, umeshakunywa, pengine na viatu miguuni (pea ya viatu vya mazoezi huweza kuzidi nusu kilo), tena kwenye mizani ngeni, kisha unailinganisha na 78.4 ya asubuhi tumbo likiwa tupu. Hapo umejidhulumu mwenyewe. Inabaki 81.3 ya Jumatatu. Zimeongezeka kilo 2.9, na hizo nazikubali.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kilokalori 7,700. Kilo 2.9 zingekuwa mafuta, ungekuwa umekula ziada ya kilokalori 22,000 na zaidi, yaani 1,800 na kitu kila siku kwa siku 12, juu ya mahitaji yako yote, juu ya mbio na ngazi. Hicho ni karibu chakula cha mtu mzima mwingine. Wewe unayekula mlo mmoja ungekipitishia wapi?

Ndiyo maana mtu akija kwangu na uzito wa ghafla, siulizi kwanza anakula nini. Nauliza zimeingia kwa siku ngapi. Mafuta huingia kwa kunyata, gramu baada ya gramu, wiki baada ya wiki. Kinachoingia kwa kishindo ni maji, na sisemi hizo lita 5 unazokunywa, kwa sababu figo nzima huzitoa (nadhani usiku unaamka kuzitoa). Nasema maji ambayo mwili umeamua kuyashikilia, na wewe umeupa sababu zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza iko mapajani. Unaposhuka ngazi au unaposhusha chuma polepole, msuli unafanya kazi huku ukivutwa urefuke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua nyuzi zake kuliko nyingine. Mwili huleta maji na chembe za kinga mahali palipochubuka ili kukarabati, na msuli huvimba. Maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Wewe saa hizo hazijaisha umesharudi kwenye ngazi zilezile, kwa hiyo ukarabati hauishi na uvimbe hauondoki. Nakuelewa. Nilipoanza kupanda na kushuka mlima nikiwa na miaka 51, wiki ya kwanza iliniletea kilo 2. Mimi niliyewafundisha wanafunzi wa utabibu mambo haya haya niliibeba mizani nikaizungusha vyumba vitatu, natafuta sakafu itakayonihurumia.

Sababu ya pili ni njema, usiililie. Mtu akianza kukimbia mara kwa mara, ndani ya wiki moja au mbili sehemu ya maji ya damu, plazma, huongezeka kwa asilimia 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Mtu mzima ana karibu lita 3 za plazma, kwa hiyo hapo umepata gramu 300 za damu nyepesi inayomsaidia moyo na kuupoza mwili.

Ya tatu ni Jumapili yako. Wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, jumla yake karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Siku sita umeyakamua maghala hayo kwa mbio na kwa kukataa wanga. Ya saba umekula, na misuli yenye njaa ikavuta kila kilichopita pamoja na maji yake. Kilo moja na nusu huweza kupanda kwa siku moja hivi kwa njia hiyo tu. Ongeza chumvi ya mlo wa familia (gramu 9 za chumvi hushikilia karibu lita nzima ya maji mpaka figo zitakapoitoa), kisha ukaenda kupima siku hiyohiyo na asubuhi yake. Katika wiki nzima ulichagua wakati mbaya kuliko wote.

Nilipofika kwenye diklofenaki nikaivua miwani. Dawa za kundi hilo, na ibuprofeni imo, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizohizo figo huzitumia kuweka mishipa yake wazi na kutoa chumvi. Ukizizuia kila siku, chumvi inabaki, maji yanabaki nayo, presha inaweza kupanda, pete inakwama na soksi zinaacha mifereji. Halafu wewe unazimeza tumbo likiwa karibu tupu, huku unatoka jasho mara mbili kwa siku. Figo na tumbo vyote viko hatarini. Kama hazikuandikwa na daktari kwa ugonjwa mwingine, acha leo. Maumivu yanayohitaji dawa asubuhi na jioni ili ufanye mazoezi yanakuambia upumzike.

Na hizo lita 5, nani alikupima? Kunywa ukisikia kiu, na mkojo uwe wa njano hafifu. Watu hudhani maji hayana ziada. Mwaka 2002 watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon, mbio ndefu za kule Marekani, wakakuta asilimia 13 sodiamu (chumvi) ya damu imeshuka chini ya kiwango, na dalili kubwa ya walio hatarini ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walipoanza. Walikuwa wamekunywa kupita jasho lao. Hali hiyo ikizidi huvimbisha ubongo na inaweza kuua. Kwa hiyo ukipima kabla na baada ya mbio zako ukakuta umeongezeka, umekunywa kupita kiasi.

Kuna jambo hukulitaja, nami ni mzee wa kliniki, sioni haya kuuliza: hedhi yako iko wapi? Siku zinazoitangulia, kilo moja au mbili za maji ni kawaida kwa wanawake wengi. Na kama imechelewa, pima ujauzito kabla hujaniandikia tena.

Sasa fanya hivi leo jioni. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, usibaki na makala haya mkononi, nenda kliniki wakupime presha, mkojo na damu. Nenda pia kama uso unavimba asubuhi au mkojo una povu lisiloisha, maana hapo huenda figo zinavuja protini. Kama unakosa pumzi ukilala chali, au unaamka usiku unatafuta hewa, uzito wa ghafla wa namna hiyo unaweza kuwa moyo ulioshindwa kusukuma, na hilo halingoji kesho. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, tunahofia damu iliyoganda mshipani, nalo ni la leo. Na kwa watu walioanza kwa pupa kama wewe naongeza hili: misuli ikivimba na kuuma kupita kawaida, huku mkojo umegeuka rangi ya kahawa nzito, ni msuli uliosagika na mabaki yake yanaziba figo. Kimbia hospitali usiku huohuo. Diklofenaki ndani ya hali hiyo ni kumwaga mafuta kwenye moto.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, siku tatu zijazo tembea tu, basi. Kisha rudi polepole: mbio siku tatu kwa wiki, vyuma siku mbili, ngazi za kushuka uziongeze kidogo kidogo. Rudisha wanga kwenye kila mlo kwa kiasi, na kula zaidi ya mara moja kwa siku. Najua hili la kula halikukupendeza. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume walijitolea kula karibu nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Walikonda wakabaki mifupa, lakini miguu na nyuso za wengi wao zilivimba maji. Njaa nayo hushikisha maji, na mizani ikawa inaficha nyama iliyokwisha chini ya maji yaliyoingia. Wewe hujafika huko, ila njia uliyoshika inaelekea huko.

Kupima: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, mizani ileile, mahali palepale. Andika kila siku lakini usiitilie maanani namba ya siku moja. Jumlisha saba ugawe kwa saba, ulinganishe wiki na wiki. Chukua na utepe wa fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. Kiuno kikipungua huku mizani imesimama, mambo yanakwenda.

Na kama wiki sita zikipita, wastani unapanda na kiuno kinapanda? Hapo ndipo nitauliza unakula nini. Kilomita 6 kwa mtu wa kilo 80 huchoma karibu kilokalori 480, na bilauri mbili tatu za kinywaji kitamu pamoja na kipande cha keki zinazirudisha zote kabla jasho halijakauka. Wengine hujilipa kwa kukaa: wamekimbia alfajiri, basi mchana kutwa hawanyanyuki kitini. Tutaangalia na dawa unazotumia, kwa sababu sindano ya uzazi wa mpango, amitriptilini, prednisoloni na insulini zote zinaweza kuongeza uzito. Tutapima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, hasa ukiwa unahisi baridi kuliko wenzako, choo kigumu, ngozi kavu na uchovu usioeleweka. Lakini usiisingizie tezi kwa siku 12.

Mume wako mwambie kwamba amekosea, unalipia maji.

SWALI: Tabibu, habari. Nina miaka 26, nanyanyua vyuma. Rafiki amenipa unga wa kreatini, ule wa wanyanyua vyuma, nikaweka vijiko vinne kwa siku kama alivyosema. Ndani ya wiki nimeongezeka kilo 2. Ni misuli hiyo?
– Kifua Kipana

JIBU: Kijana wangu, msuli hauji kwa wiki. Kreatini huingia ndani ya chembe za msuli na kuvuta maji, na kilo moja hadi mbili wiki ya kwanza ndiyo kawaida yake, hasa kwa wanaoanza na gramu 20 kwa siku kama wewe. Kwa mwenye figo nzima haina ubaya. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, utachelewa wiki chache tu kufika palepale. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari wake. Nawe ukienda kupima damu kwa jambo lolote, sema kwamba unaitumia: hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa), na daktari asiyejua anaweza kukuambia figo zimeanza kufa, ukarudi nyumbani ukashindwa kulala bure.