Kigimbi kinacheza, miadi ni baada ya wiki saba

Jicho likicheza, huku kwetu hakuna anayekimbilia hospitali. Utaambiwa kuna mgeni anakuja, au kuna kilio, inategemea ni jicho lipi na umemuuliza nani. Kigimbi changu cha kushoto kilipoanza kucheza Januari, kingekuwa jicho ningecheka tu. Lakini kilikuwa kigimbi, na mimi nina simu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kirumba, hapa Mwanza, naishi Igogo, juu kwenye mawe, kule ambako bodaboda inakushusha njiani halafu unamalizia kwa miguu. Januari ni msimu wa sare za shule. Unakanyaga cherehani tangu asubuhi, usiku unaendelea na oda za wazazi waliochelewa, na kahawa ndiyo inakushikilia. Usiku mmoja nimejilaza, nikaona ngozi ya kigimbi inaruka kama kuna furu, yule samaki mdogo wa ziwani, amekwama chini yake.

Nikanunua bando la usiku kwa sababu ni rahisi. Saa nane usiku nilikuwa nimeshafika kwenye ALS, ule ugonjwa aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking, unaoua neva zinazoendesha misuli. Kwamba Hawking aliambiwa mwaka 1963 na akaishi hadi 2018 sikukuona. Kwamba ni ugonjwa adimu, Ulaya huwapata watu kama wawili tu katika kila laki moja kwa mwaka, nilikuona, nikajihesabu mmoja wa hao wawili.

Kituo cha afya nilikwenda. Daktari kijana aliniambia, "Mama, sukuma mkono wangu kwa mguu. Vuta. Sukuma tena." Akagonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akanitembeza kwa visigino kisha kwa vidole, akaagiza damu ipimwe potasiamu, kalsiamu na tezi ya shingoni. Majibu yalikuja mazuri. Akasema misuli kucheza bila nguvu kupungua mara nyingi haina ubaya, ila kwa kuwa mwezi umekwisha na sina amani, ananiandikia rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Mabingwa hao ni wachache nchini. Nilikopelekwa wakanipa tarehe: wiki saba mbele.

Hizo wiki saba ndizo ninazotaka kuzisema, maana mbili za kwanza niliziharibu mwenyewe.

Fundi ana tepu shingoni kutwa nzima. Nikaanza kujipima vigimbi. Kushoto sentimita 34, kulia 35. Jioni tena: kushoto 33 na nusu. Nikaketi juu ya kigoda jasho linanitoka: mguu unakonda! Miaka 14 napima watu, najua fika kwamba ukiishusha tepu vidole viwili namba inabadilika, ukiikaza inabadilika, mteja akiegemea mguu mmoja inabadilika. Mteja akiniletea vipimo alivyojipima mwenyewe huwa nakataa. Vyangu nikaviamini. Na miguu ya mtu hailingani hata siku moja, nani asiyelijua hilo kama si fundi?

Kingine, kutembea kwa visigino. Daktari alinifanyisha mara moja, mimi nikafanya mara 20 kwa siku uani, mpaka watoto wa jirani wakaugeuza mchezo, wananifuata nyuma kama bata. Vigimbi vikachoka, vikauma, vikacheza zaidi. Nikachukua huko kucheza kuwa ushahidi. Hofu nayo huchezesha misuli, pamoja na kahawa na kukosa usingizi. Vyote vitatu nilikuwa navyo, na nilikuwa naviongeza kila siku.

Aliyenikata kasi ni dada yangu. Hakunibembeleza. Aliniuliza, "Juzi ndoo ya maji ulipandisha au hukupandisha?" Nilipandisha. Lita 20, kutoka bombani hadi kwangu, kwenye mawe yale. "Basi andika hilo." Tangu hapo nina daftari la mistari miwili kwa siku, na lina sharti: siandiki nilichohisi, naandika nilichofanya. Nimepanda na ndoo. Nimetunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza. Nimesimama daladala nzima toka Buzuruga. Mguu unaopoteza nguvu kweli ungeonekana humo, kwa tarehe, na daktari angeweza kuusoma.

Tepu sikuweza kuiacha, ndiyo kazi yangu. Niliweka sheria kwamba haivuki mlango wa kibanda. Bando la usiku niliacha kununua, na kusema kweli hilo peke yake lilifanya nusu ya kazi. Kahawa mwisho saa sita mchana. Kupanda mlima sikuacha, ingawa kwa wiki moja nilijaribu "kupumzisha mguu", na mguu uliopumzishwa hivyo ulilegea kweli, nikazidi kuogopa.

Wengine watakuambia umekanyaga tego. Mimi niliambiwa na watu watatu, mmoja ana namba ya mganga kabisa. Sikugombana nao. Niliwaambia nina miadi, nikabadili mazungumzo, tukaongea bei ya dagaa.

Ila kuna ya kutosubiri miadi, na hapa sifanyi utani. Mguu au mkono ukilegea waziwazi na kuzidi siku hadi siku, kupumua au kumeza kukiwa kwa shida, uso kupinda ghafla, mkojo kugoma, au misuli kuuma sana huku mkojo una rangi ya kahawa: nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Na kama hofu yenyewe inakunyima chakula na usingizi kwa wiki kadhaa, mwambie daktari hilo pia. Nilipomwambia wa kwangu hakushangaa, alisema ni tatizo lenye matibabu yake.

Kwa ajili ya siku yenyewe nimechukua video, kwa sababu kigimbi hiki kina tabia ya mtoto mtundu, mbele ya mgeni kinatulia. Nimeandika dawa zote ninazokunywa. Nitauliza kama nahitaji kipimo cha umeme wa misuli, kile cha sindano nyembamba, na kama sikihitaji aniambie kwa nini. Nesi wa mapokezi ana namba yangu, iwapo mtu ataahirisha.

Miadi ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Kibandani atakaa dada. Kigimbi kinacheza sasa hivi, chini ya meza, ninapoandika haya, na kuna sketi ya mtu haijatiwa zipu anaijia saa kumi.