Re: Niache chuo nisome kozi za bure za mtandaoni?

Mkuu, umeuliza kama uachane na ada ya chuo usome kozi za bure kwenye tovuti za Coursera na edX ukiwa hapo Uyole, Mbeya. Mimi nimemaliza kozi mbili na kuacha nne njiani, kwa hiyo nina cha kusema.

Uzuri upo. Profesa wa Stanford, chuo kikuu cha Marekani, unamsikiliza usiku ukishafunga duka, unamrudisha nyuma mara tano wala hanuni. Ila hakuna anayekujua. Mwaka 2011 kozi ya akili mnemba ya Stanford iliandikisha watu kama 160,000; waliofika mwisho ni 20,000 na kitu. Swali lako anajibu mwanafunzi mwenzio, naye anabahatisha. Nilipokwama kwenye takwimu, aliyeninasua ni mwalimu mmoja wa sekondari pale Mwanjelwa, kwa soda moja tu.

Kozi nyingine kuzitazama ni bure, cheti unalipia kwa dola. Na cheti hicho si shahada. Ukitaka shahada huku unafanya kazi, Chuo Kikuu Huria kina kituo Mbeya, kaulizie. Bando nunua la usiku, video zipakue kabisa kwenye simu, maana umeme wetu mvua zikianza unaujua mwenyewe.