Flashi imejaa shotikati, picha zangu zimeenda wapi?

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, mimi naandikia mahesabu ya vyumba vya wageni na watoto wanafanyia kazi za shule. Juzi binti yangu kaenda saiba kuprinti barua, aliporudi akachomeka flashi, folda zote zimeota kimshale pembeni na nyengine hata hazifunguki. Jirani anasema nifomati, fundi naye anataka kuniwekea antivirusi ya krak. Mle mna picha za harusi ya mwanangu, nifanyeje? (Mama Fatma)

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Kwanza kabisa usifomati! Huyo jirani ana nia njema lakini ukimsikiliza ukamfuata utazipoteza picha kwa mkono wako mwenyewe, maana mara nyingi kwenye shida hii faili hazijafutwa, ziko mle mle, zimefichwa tu. Huyu ni mnyoo wa flashi, yani programu mbaya inayojisambaza yenyewe. Akiingia anazificha folda zako za kweli halafu anaweka shotikati (zile zenye kimshale) zenye majina yale yale, wewe ukibonyeza unadhani unafungua folda kumbe unamwamsha yeye, anajinakili kwenye kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa hapo baadaye nayo inaambukizwa. Kwa hiyo hivyo vimshale msivibonyeze tena, na watoto waambie.

Flashi itoe, uanze na kompyuta yenyewe, manake ukisafisha flashi peke yake ukaichomeka kwenye mashine chafu umerudi pale pale. Kama una Windows 10 au 11 antivirusi unayo tayari, inaitwa Defender, imekuja na mashine na hailipiwi. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia pale chini, iache iapdeti kwanza, kisha ingia Scan options uchague Full scan. Itachukua muda mrefu, iwashe usiku ukalale. Ikimaliza rudia na ile ya Offline scan, hiyo inazima na kuwasha mashine yenyewe na inakagua kabla Windows haijaamka vizuri, kama dakika 15 hivi, wale waliojificha ndani sana wanakamatwa hapo.

Sasa ndio urudishe flashi. Usiifungue, bonyeza kulia juu yake uiskani. Halafu fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukipiga Enter folda zako zitatokea tena. Ile E ni herufi ya flashi, angalia kwako isije ikawa F au G, usikosee hapo. Nakili picha kwenye kompyuta, hakikisha zinafunguka, na hapo ndipo unaweza kuifomati kwa raha. Na picha za harusi mamangu zisikae sehemu moja, nunua flashi nyengine au hard disk ya nje, weka nakala, kisha ichomoe uitie kabatini.

Hiyo antivirusi ya krak ya fundi, ikatae. Mtu aliyevunja kufuli la programu akakupa bure hujui kaingiza nini mle, na nyingi zinakwambia uzime Defender kwanza ndio zikubali kuingia, yani unamfukuza mlinzi ili umkaribishe usiyemjua. Kompyuta nyingi za majumbani zinaharibika kwa njia hii na inaniuma kwa sababu watu wanalipa pesa zao kwa kazi hiyo.

Na apdeti msizizime kwa kuogopa bando. Najua zinakula data, lakini Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulifunga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na apdeti ya kuziba tundu la Windows ulilopitia Microsoft walishaitoa Machi, miezi miwili nyuma! Walioapdeti mnyoo haukuwapata kupitia tundu lile. Angalia pia mashine yako ni Windows gani, ya 10 apdeti zake za kawaida zilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kama inakubali 11 ipandishe, kama ni kuukuu mwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure kihalali na kwa mahesabu na kazi za shule inatosha.

SWALI: Kaka, niko Malindi, Maweni. Laptopu yangu kila saa kona ya chini inaleta ujumbe kwamba nina virusi 5 na nipige namba fulani. Nipige?

JIBU: Usipige mdogo wangu, ni matapeli. Huenda ulipokuwa ukidaunlodi muvi kuna saiti ilikuomba ruhusa ya kutuma taarifa nawe ukabonyeza Allow. Ingia settings za Chrome, Privacy and security, Site settings, Notifications, futa kila jina usilolijua. Pitia na extensions, vile viprogramu vya nyongeza vya Chrome, kama kuna kitu hukukiweka wewe kitoe, vyengine vinasoma kila unachoandika hadi paswadi. Kisha skani kama nilivyomweleza Mama Fatma hapo juu. Ikipatikana programu ya kupeleleza, paswadi ya imeli na ya benki uzibadilishe ukitumia simu, sio hiyo laptopu, na uwashe ile ya uthibitisho wa hatua mbili.