Maji ya chumvi nayo yataka kibali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Shela, Lamu, nina gesti ya vyumba sita. Kisima chetu alichimba babu na mpaka mwaka juzi maji yake tulikua twayanywa. Sasa jirani kachimba cha mashine, kaweka pampu, yanguruma usiku kucha, na kwetu maji yameingia chumvi hata sabuni haitoi povu. Nikimwambia anicheka, ati yeye hahitaji kibali manake maji yake ni ya chumvi tangu mwanzo, ayasafisha kwa mashine yake mwenyewe, kibali ni cha maji matamu. Na mimi nataka kuweka pampu. Asema kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, hasemi kweli, ingawa najua kalitoa wapi hilo neno maana si yeye peke yake alisemalo. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 haikuonja maji ya chini ya ardhi ikasema haya matamu yaombewe ruhusa na haya ya chumvi kila mtu ajichukulie. Unayochota kwa mkono ya matumizi ya nyumbani, kwa njia halali, hayo hayana kibali, lakini mashine kwenye mchanga ule wa Shela, tena kwa biashara, hapo ni lazima uende kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Sasa nikwambie kwa nini, hapa ndipo jirani yako amepotea. Mvua ikinyesha kwenye yale machuguu ya mchanga yazama chini, na ikifika haichanganyiki na bahari mara moja, yaelea juu yake, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo. Kuna hesabu ya zamani ya wataalamu wawili, Badon Ghyben na Herzberg: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za matamu. Sasa igeuze hesabu hiyo, ukishusha maji futi moja kwa pampu, na ukaendelea hivo hivo muda mrefu, chumvi kule chini yapanda kuelekea futi arobaini! Na hapo katikati hakuna ukuta, kuna tabaka la mchanganyiko, chumvi nusu tamu nusu, na hilo ndilo avutalo jirani. Akivuta, chumvi yainuka chini ya pampu kama kichuguu na kisima cha babu yako kiko pembeni tu. Kwa hiyo kibali chake si cha kulinda maji ya chumvi, ni cha kulinda matamu yaliyolala juu yake.

Kuna mahali hoja yake ingesimama. Texas kule Marekani, mwaka 2015 walipitisha sheria ya kutafuta maeneo ya kuvuta maji ya chumvi, wapunguze kuyamaliza matamu, lakini sharti mojawapo ni kuwe na kizuizi chini ya ardhi kinachotenga chumvi na tamu. Shela kizuizi kiko wapi? Ni mchanga mtupu. (Nenda Takwa, hapo kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17, wengi wasema visima kuingia chumvi ni moja ya sababu. Mimi kila nikipita hapo nakumbuka hilo.)

Ya kibali si magumu sana, ni polepole tu: mtaalamu wa maji chini ya ardhi akupimie aandike ripoti, uombe ruhusa ya kuchimba, ukishachimba maji yapimwe, alafu ndio upewe kibali chenye kiasi cha kuvuta na mita. Na sheria yataka watu waulizwe kabla hakijatolewa, kwa hiyo jirani yako akienda kuomba nawe una haki ya kusema.

Wewe pampu iache kwanza. Utakua unashindana naye kuvuta chumvi. Nunua kile kipimo kidogo cha chumvi, kama kalamu, pima kila asubuhi uandike kwenye kalenda ya ukutani, na uweke alama siku za bamvua, bahari ijaapo na kupwa sana, na za maji mafu, ijaapo na kupwa kidogo. Bahari ina kama miligramu 35,000 kwa lita, ikipita 1,000 hayo si ya kunywa tena kwa raha. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo ofisini, maneno matupu watakusikiliza tu wakakwambia rudi kesho.

Na lile nimelisahau: mashine yake ikitoa maji matamu hubakisha mengine makali zaidi kuliko aliyoyavuta, lazima yamwagwe mahali. Kesho asubuhi fuata bomba lake uone laishia wapi. Likiwa laingia kwenye shimo nyuma ya ukuta wenu, onja tone kwa ncha ya ulimi, usimeze, kisha niandikie.