Huduma ikigoma kwenye Linux, usikimbilie restart

Ukiiendesha programu kwa mkono inafanya kazi vizuri, ukiikabidhi kwa systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) inagoma. Wengi hapo hurudia `systemctl restart` wakitumaini itajirekebisha. Haijirekebishi. Andika `systemctl status jina` (mahali pa `jina` weka jina la huduma yako), kisha utafute neno `status=`, maana namba inayolifuata ndiyo inayoonyesha tatizo liko wapi.

Ukiona `203/EXEC`, systemd imeshindwa hata kuianzisha programu yenyewe. Ama njia uliyoandika kwenye `ExecStart=` (mstari wa faili ya huduma unaotaja amri ya kuendeshwa) si sahihi, ama faili haina ruhusa ya kuendeshwa (`chmod +x`), ama mstari wa kwanza wa skripti unataja programu isiyokuwepo. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows husumbua zaidi: faili unaiona, lakini unaambiwa haipo, kwa sababu mwisho wa mstari ule wa kwanza una herufi isiyoonekana. `sed -i 's/\r$//' faili.sh` inaiondoa. `200/CHDIR` ni folda ya `WorkingDirectory=` isiyofikika, na `217/USER` kwa kawaida ni mtumiaji wa `User=` ambaye hajasajiliwa kwenye mashine.

Namba ikiwa 1, kwa kawaida programu ilianza ikafa yenyewe. Soma logi zake kwa `journalctl -u jina -b -n 50`. Mara nyingi utakuta inalalamikia kukosa vigezo (variables) ulivyoviweka kwenye `.bashrc`, faili ambayo systemd haiisomi kabisa. Hamishia vigezo hivyo kwenye faili nyingine na uitaje kwa `EnvironmentFile=`. Vilevile `|` na `>` havifanyi kazi ndani ya `ExecStart=`, labda upitie `/bin/sh -c`.

Sasa hiyo `Restart=always` ambayo kila mtu huinakili, inayoiambia systemd iiwashe tena huduma kila inapokufa. Kwa kawaida systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuwasha tena, na hukubali majaribio 5 ndani ya sekunde 10. Programu inayokufa papo hapo huyamaliza upesi, ndipo unasoma `Start request repeated too quickly`. Na restart zako za mkono nazo zinahesabiwa! Rekebisha kosa kwanza, kisha `systemctl reset-failed jina`. Ukiweka `RestartSec=5` kikomo hicho hakifikiwi tena, ila programu mbovu itazunguka usiku kucha ikijaza logi. Mimi bado naipendelea `RestartSec=5` kwa huduma zinazosubiri hifadhidata iamke.

Usiguse faili zilizo `/usr/lib/systemd/system`; sasisho lijalo litafuta kazi yako. Tumia `systemctl edit jina`. Ukibadilisha `ExecStart=` humo, tangulia na mstari wa `ExecStart=` mtupu, la sivyo systemd itahesabu amri mbili na kuikataa huduma. Ukihariri faili kwa njia nyingine, piga `systemctl daemon-reload`.

Mwisho, `start` huwasha sasa hivi tu. Amri ya `enable` huiandaa kuwaka mashine inapoanza, bila kuiwasha sasa. `systemctl enable --now jina` hufanya yote mawili, mradi sehemu ya `[Install]` ina mstari kama `WantedBy=multi-user.target`.