Leitrim kwa wikendi, bila gari
Dada uliyeuliza pa kupeleka watoto wikendi nje ya Dublin na huna gari, panda treni ya Sligo pale stesheni ya Connolly ushuke Carrick-on-Shannon, mji wa kaunti ya Leitrim. Kuna maboti ya kulala humohumo, hudaiwi leseni, wanakuelekeza kidogo ndo unaachiwa usukani ila bei sio mchezo. Mi ningechukua taksi hadi mji wa Drumshanbo, pale ziwa la Acres Lake kuna njia inayoelea juu ya maji kama mita 600 hivi, watoto watakimbia mpaka wachoke. Fermanagh, kaunti jirani ya Ireland Kaskazini, nako kuzuri sana ila kama una viza ya Ireland tu usivuke, kule ni Uingereza na mpakani hakuna hata geti la kukushtua. Koti la mvua beba, hata Julai.