Tazama Ukuta, Usiutafute Mshipa: Kwa Unayeanza Eko ya Moyo

Karibu kila mwanafunzi anayekuja kujifunza eko, yaani kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, huniuliza siku ya kwanza mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo damu, iko wapi kwenye skrini. Kwa mtu mzima aliyelala kitandani, probu, kile kifaa cha mkononi kinachopiga picha, ikiwa kifuani, sehemu kubwa ya mishipa hiyo hutaiona. Upana wake ni milimita chache tu, nayo haitulii kwa sababu imelala juu ya moyo unaopiga. Tunachokisaka ni kazi ya ukuta unaolishwa na mshipa. Damu ikipungua, ukuta huo hugoma, na mgomo wake unaonekana wazi.

Jua pia mambo yanavyofuatana, maana hapo ndipo thamani ya kipimo hiki ilipo. Damu ikipungua, kwanza misuli hushindwa kulegea vizuri, kisha hushindwa kujikaza. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hubadilika baada ya hapo. Maumivu ya kifua huja mwisho, na kwa wengine hayaji kabisa.

Lakini mshipa uliobanwa kwa asilimia 70 unaweza bado kupitisha damu ya kutosha mtu akiwa amepumzika. Hili nililisoma kitabuni nikalijibu vizuri kwenye mtihani, kisha nikalisahau mbele ya mgonjwa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kifua kinachobana kila akipanda ngazi. Nilimpima amelala, kuta zote zikafanya kazi vizuri, nikaandika kuwa moyo ni wa kawaida. Daktari aliyekuwa akinisimamia aliisoma karatasi, akaniuliza, "Humu ndani amepanda ngazi?" Tukampandisha kwenye baiskeli ya kupimia. Mapigo yalipofika juu, ncha ya moyo na sehemu ya mbele ya ukuta wa kati, ule unaotenganisha upande wa kushoto na wa kulia wa moyo, ambazo dakika chache nyuma zilikuwa zikijikaza vizuri, zilisimama huku kuta nyingine zikiendelea kwa nguvu. Angiografia, yaani picha ya X-ray ya mishipa, ilikuta mshipa wa mbele wa kushoto, unaolisha sehemu hizo, umebanwa sana. Tangu siku ile, eko ya mapumziko iliyo safi kwangu haimwondolei mtu shaka akiwa na dalili za namna hiyo.

Kwa hiyo jifunze eko ya mazoezi mapema. Lengo la kawaida ni kufikia asilimia 85 ya mapigo ya juu kabisa, yanayokadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Ukitumia tredimili, mashine ya kukimbilia, una sekunde 60 hadi 90 tangu mgonjwa ashuke. Zikipita, ukuta uliogoma unaweza kurudia kazi yake, na dalili ikapotea mbele ya macho yako. Mfanyishe mgonjwa jaribio la kushuka na kulala ubavu wa kushoto kabla hata mashine haijawashwa. Mimi huweka alama ya kalamu kwenye ngozi mahali nilipopata picha bora za mapumziko, ili probu irudi palepale bila kuhangaika. Kitanda kiwe hatua moja tu kutoka kwenye mashine.

Asiyeweza kukimbia hupewa dobutamini, dawa inayouchochea moyo, kwa mshipa, kuanzia mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, ikipandishwa kila dakika 3 hadi 40, na atropini, dawa ya kuongeza mapigo, ikihitajika. Hapa usiwe peke yako. Daktari awepo, mashine ya kushtua moyo iwe imewashwa, na macho ya mtu mmoja yasiondoke kwenye presha na ECG. Dawa hii ina zawadi yake pia: ukuta uliodhoofu wakati wa mapumziko ukichangamka kwenye dozi ndogo, kisha ukalegalega kwenye dozi kubwa, ujue misuli bado ni hai ila mshipa wake umebanwa. Ukuta mwembamba, unaong'aa, usiojibu dozi yoyote, mara nyingi ni kovu la zamani.

Sasa namna ya kutazama. Usihukumu ukuta kwa unavyosogea, hukumu kwa unavyonenepa. Ukuta uliokufa huvutwa na majirani zake, kama mtu aliyezimia katikati ya umati anavyobebwa akaonekana anatembea. Hata ukuta wa kati kwa mtu ambaye njia ya kushoto ya umeme wa moyo imeziba husogea ovyo ilhali mishipa yake ni mizima. Kwenye picha, funika skrini kwa kiganja, ubakishe kipande kimoja tu cha ukuta, ukitazame mapigo matatu. Macho yakiona moyo mzima kwa pamoja hudanganyika upesi. Kisha kipe namba: 1 kikiwa kizima, 2 kikijikongoja, 3 kikitulia tuli, 4 kikituna nje wakati wenzake wanaingia ndani.

Kosa linaloniuma zaidi ninapolikuta kwenye picha za wanaoanza ni kukata ncha ya moyo. Ncha halisi karibu haisogei. Ukiona ncha ya mviringo, nene, inayoruka juu na chini, hujaifikia. Umekatisha moyo juu ya ncha yake. Shusha probu nafasi moja ya ubavu, isogeze kidogo upande wa nje, mwombe mgonjwa atoe pumzi na asivute nyingine kwanza. Ugonjwa wa mshipa wa mbele hujificha hasa hapo. Na kama vipande viwili au zaidi vinavyopakana havionekani, omba dawa ya vipovu ya kung'arisha picha. Usikisie.

Majibu ya angiografia yakirudi, yafuate uyalinganishe na ulichoandika, hata kama hakuna aliyekuagiza. Mimi nilikuwa na daftari la kazi hiyo. Mwaka wa kwanza, nilipotangaza ugonjwa usiokuwepo, mara nyingi ilikuwa ni kwenye ukuta wa chini, pale karibu na valvu ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambapo hata ukuta mzima huonekana mvivu. Hadi leo nikifika hapo hugeuza probu nipate picha ya pili kabla ya kuandika neno.